Ndururu ilikufa, noti za shosho zikafuata

Ukiishiwa Nyeri au Karatina, utasema "sina hata ndururu." Wengi wetu hatujawahi kuishika. Ilikuwa senti 5 ya shilingi ya Afrika Mashariki, ile sarafu yenye tundu katikati. Shilingi hiyo ilianza 1921. Kenya ikatoa yake 1966, na kufikia 1969 ya zamani haikuwa pesa tena. Likabaki jina.

Juni 1, 2019 ikawa zamu ya noti ya 1,000. Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba za zamani mwisho ni Septemba 30. Nia ilikuwa kunasa pesa chafu na bandia. Sawa. Lakini noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi, na watu wakasema hizo ni za wafisadi.

Si zote, jamani. Shosho wangu wa Othaya alikuwa na kumi kwenye kopo, pesa zake za kahawa. Tulizipata Desemba. Benki ilizikataa. Mimi nilidhani amesikia kwa redio, sikumuuliza.

Miezi minne inamtosha mwenye akaunti, si mwenye kopo. Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake za zamani hata leo, bila tarehe ya mwisho. Kwa nini yetu isiweze, hata kwa kiasi kidogo?

Na sisi vijana, noti zikibadilishwa tena, tupande matatu twende ushago tuulize kuhusu kopo.