Mkutano si wa Kupiga Makofi Tu



Wako wadhanio kuwa kuhudhuria mkutano ni kukaa kitini na kupiga makofi. Hao wasikie habari za Marekani. Tangu 2006, ulipofanyika mkutano wa kwanza Las Vegas, waandishi wa intaneti na wapigania maendeleo wa mitaani hukutana. Mkutano wao huitwa Netroots Nation. Wakubwa wa chama cha Democratic huenda huko kutafuta kura.

Julai 2015, mjini Phoenix, Martin O'Malley alikuwa jukwaani. Wamarekani weusi wakasimama, wakataja majina ya ndugu zao waliokufa mikononi mwa polisi. Siku tano kabla, Sandra Bland alikutwa amekufa katika jela ya Texas. O'Malley akajibu kuwa maisha ya watu wote yana thamani. Akazomewa, na siku ile ile akaomba radhi. Bernie Sanders, aliyemfuata, naye hakusalimika.

Wengine walisema ni utovu wa adabu. Adabu gani? Waliokatizwa maneno walikuja kuomba kura za watu wale wale! Mwenye msiba angengoja mpaka lini? Angengoja uchaguzi upite?

Nasi matawini, ndugu, mkubwa akija, nani ataanza kuuliza?