UCHAMBUZI: Ilani ya upepo haitoshi, wavuvi wafafanuliwe maana yake

KILA pepo za kusi zinapochacha katika Bahari Hindi, hasa kati ya Juni na Agosti, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa ilani kwa wakazi wa Pwani. Aghalabu ilani hizo huonya kwamba upepo utazidi noti 25 na mawimbi kupita mita mbili. Baadhi ya wavuvi hutii na kubaki nchi kavu. Wengine huitazama bahari alfajiri, wakaiona shwari, wakatweka matanga.

Si haki kuwalaumu hawa wa pili kwa ukaidi pekee. Mvuvi wa mtumbwi hana mshahara. Siku asiyoingia baharini ni siku ya njaa nyumbani kwake. Ili akubali hasara hiyo, sharti aelewe anachoambiwa.

Kwanza, noti 25 ni takriban kilomita 46 kwa saa. Hata hivyo, nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga huongezeka mara nne. Kwa hivyo, tofauti kati ya noti 15 na noti 25 ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: nguvu hukaribia kuwa mara tatu.

Pili, kasi inayotangazwa ni wastani, ambao kwa kawaida hukadiriwa kwa muda wa dakika 10. Ndani ya muda huo kuna mivumo ya ghafla ya sekunde chache tu. Upepo wa noti 25 ukipanda ghafla hadi 35, nguvu yake karibu huongezeka maradufu kabla ya nahodha kuwahi kushusha tanga. Kinachopindua chombo mara nyingi si ule wastani, bali mvumo huo wa ghafla.

Tatu ni mwelekeo. Upepo hutajwa kwa upande unakotoka, kama wahenga walivyozipa pepo majina ya kusi na kaskazi. Mkondo wa bahari katika pwani ya kusini mwa Kenya huelekea kaskazini mwaka mzima. Hivyo basi, kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, hukabiliana na mkondo huo na kuzua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Upepo wa kasi ile ile unaofuata mkondo hauna madhara sawa.

Aidha, saa zina umuhimu wake. Usiku na alfajiri, umande, yaani upepo mwanana utokao nchi kavu, huweza kutuliza maji ya karibu na ufuo. Mchana, jua likishapasha ardhi joto, upepo wa baharini huingia na kuongeza nguvu za ule wa msimu. Utulivu wa asubuhi basi si hakikisho la safari ya kurudi.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia Afrika Mashariki mnamo Mei 2024, serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za baharini, na kimbunga hicho kikatua Tanzania, karibu na Mafia. Marufuku ya jumla yalifaa kwa hatari kama hiyo. Hayawezi, hata hivyo, kuwa dawa ya kila juma katika msimu mzima wa kusi.

Ilani moja inayojumuisha Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu humwachia mvuvi kazi ya kubahatisha. Kamati za usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, zimekuwa na kanuni zake tangu 2007, nazo kaunti zina maafisa wa utabiri. Asasi hizi zikishirikiana, ubao ufuoni waweza kueleza kwa Kiswahili mambo manne: kasi, mvumo wa juu zaidi, upande na saa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na maisha ya mtu mmoja.

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Kwa mvuvi wa Pwani, hilo ligeuzwe: aambiwe maana, ndipo ajue wakati wa kubaki ufuoni.