Anayehama Kazi Huhama na Ujuzi Wake

Aghalabu mtumishi akiaga ili aende kufanya kazi kwa tajiri mwingine, husemwa vibaya nyuma yake. Wakubwa hunung'unika kwamba wamemfundisha, na leo anawapelekea wengine matunda yao. Hata wenziwe wa meza moja humwona kama mtoro. Malalamiko hayo yana haki yake, kwa kuwa kumfundisha mtu ni gharama, na aliyelipa gharama hupenda kuona faida. Lakini yafaa tuyapime kwa mambo yaliyokwisha kutendeka, wala tusiyapime kwa hasira.

Na tuitazame nchi ya Bangladesh. Mwaka 1979 ilikuwa na viwanda vichache mno vya kushona nguo za kuuza ng'ambo. Bwana Noorul Quader, aliyekuwa mtumishi wa serikali kabla ya kuingia katika biashara, alianzisha kampuni iitwayo Desh, akapatana na kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini. Kwa mapatano hayo watu 130 walipelekwa katika kiwanda cha Daewoo mjini Pusan kujifunza kazi. Waliporudi, kiwanda chao kilianza kazi huko Chittagong mwaka 1980, na mwaka huo kikatoa mashati 43,000.

Watu wale hawakujifunza cherehani peke yake. Walijifunza kupanga kazi ipite mkono kwa mkono, kukagua mshono, na kutimiza siku waliyomwahidi mnunuzi. Tena Desh ilionyesha jambo ambalo sisi watu wa kalamu twaweza kulithamini: kuweka vitambaa vya kigeni katika ghala la forodha pasipo kulipa ushuru kwanza, na kupata dhamana ya benki kwa nguvu ya hati ya mnunuzi wa ng'ambo.

Basi ikawaje? Katika miaka iliyofuata watu 115 kati ya wale 130 waliondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au wakashika kazi katika viwanda vya wengine. Asikiaye hesabu hiyo atadhani Desh ilikufa. Haikufa. Mwaka 1987 ilitoa mashati milioni 2.3, na kando yake vilikuwa vimesimama viwanda mamia kwa mamia, hata Bangladesh ikawa miongoni mwa nchi zinazouza nguo nyingi kuliko zote duniani. Na Desh isingeweza kuwalaumu sana walioondoka, maana yenyewe iliyavunja mapatano yake na Daewoo mwaka 1981, ilipoona imekwisha kuijua kazi.

Wako waliojaribu kuyazuia mambo haya kwa sheria. Katika karne ya 18 Uingereza ilikataza mafundi wa viwanda vya nguo kuhamia nchi nyingine, na mashine zao kutolewa nje. Mwaka 1789 Samuel Slater, aliyefundishwa katika kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire, alivuka bahari kwenda Marekani. Hakuchukua mchoro, mitambo ilikuwa kichwani mwake. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa mafundi wa huko, mitambo hiyo ilisokota pamba kwa nguvu za maji mjini Pawtucket. Mwaka 1824 Uingereza yenyewe iliiondoa sheria ya kuwazuia mafundi. Mtu wa forodha aweza kulifungua sanduku la msafiri, lakini kichwa chake hawezi kukifungua.

Hatusemi kwamba kila achukuacho mtu ni halali yake. Ujuzi wa mikono na wa akili ni wake. Faili na siri alizokabidhiwa si zake. Na aliyepelekwa masomoni kwa fedha za umma, akaahidi kutumika kwa muda fulani, sharti atimize ahadi yake. Lakini ahadi hiyo iwe na mwisho unaojulikana, isigeuke pingu. Mkubwa anayetaka watumishi wake wakae, na awape sababu ya kukaa.

Neno letu hasa, ndugu wanachama, latuhusu sisi wenyewe. Wamo ofisini mwetu makarani wafichao kazi. Huijua njia ya kila faili, wala hawamwonyeshi kijana, kwa hofu kwamba akijua atawapokonya nafasi. Siku ya uhamisho ikifika huondoka na kazi yote kichwani. Kesho yake mjane aliyesafiri siku nzima kufuata haki ya marehemu mumewe huambiwa arudi wiki ijayo, kwa sababu mwenye kujua amehamishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi ni mali.

Mtu wa Desh aliondoka, na nchi ikapata kiwanda kingine. Karani mficha kazi huondoka, na ofisi ikabaki na pengo. Wala huko aendako hatafundisha mtu. Ubaya basi haumo katika kuondoka, umo katika kuficha.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, kila anayehama aandike katika daftari hatua za kila kazi aliyokuwa akiifanya, kisha aketi na mrithi wake mpaka huyo aweze kuifanya peke yake. Pili, mgeni akifika katika ofisi zetu, tusimwambie tu, "Hapa sisi hufanya hivi." Tumwulize kwanza, "Huko ulikotoka mlifanyaje?" Huenda amebeba njia iliyo fupi kuliko yetu. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji asiyeuliza hawezi kupona.