Mzee wa Ngitili Hayumo Kwenye Marejeleo

NJIA PANDA
Na Luhende Maduhu

Wiki iliyopita nilikuwa Ipililo, wilayani Maswa, kwa dada yangu. Mwanawe anasomea shahada ya uzamili katika misitu. Nilimkuta barazani, kompyuta mapajani, uso umemshuka. Mswada wake kuhusu ngitili ulikuwa umerudishwa na jarida moja kabla hata haujawafikia wahakiki, kwa kuwa marejeleo hayakufuata mtindo wao.

"Mjomba," akaniambia, "miaka miwili nimetembea maporini, leo wananirudishia kazi kwa ajili ya nukta na mkato?"

Uchungu wake niliuelewa, ila sikukubaliana naye. Nikavuta kigoda tukaanza kupitia orodha yake, rejeleo moja baada ya jingine.

Kwa asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, nyasi na miti vikapumua, kisha hulifungua kiangazi kinapokaza na ng'ombe hawana pa kwenda. Utaratibu huu ulikuwa umebaki jina tu sehemu nyingi za Usukumani. Miti ilikatwa kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kisha watu wakahamishiwa vijijini miaka ya 1970. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na ngitili zikarudi.

Mpwa wangu aliandika kwamba mradi ulianza na hekta 600 tu za ngitili zilizofahamika, zikafika 500,000. Nikamuuliza hiyo 500,000 kaitoa wapi. Kumbe kaiokota kwenye ripoti ambayo nayo iliiokota kwingine. Wapo wanaoandika 300,000. Utafiti wa Monela na wenzake wa mwaka 2005 unataja hekta zisizopungua 350,000 katika vijiji 833. Kati ya 300,000 na 500,000 pana kilomita za mraba 2,000 za ardhi, nasi tunazipokezana kama chumvi ya jirani. Wa kwanza aliandika makadirio, wa pili akafuta neno "takriban", wa tatu akaifanya hesabu kamili. Kinachoweza kumrudisha msomaji hadi kwa aliyehesabu ni rejeleo lililoandikwa sawasawa: mwandishi, mwaka, jina la kazi, toleo, ukurasa. Namba ya toleo ikikosewa, njia imekatika hapo.

Hata jina la mahali lina uzito. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Maandiko ya kabla ya hapo yanaiweka Maswa ndani ya Shinyanga. Kijana wa leo akitafuta kwa neno Simiyu peke yake, atadhani hakuna aliyewahi kuandika juu ya kwao.

Mitindo yenyewe isimtishe mtu. Ule wa jina na mwaka, unaoitwa wa Harvard, chimbuko lake hutajwa kuwa makala ya mwanazoolojia Edward Mark ya mwaka 1881. Ule wa namba unaoitwa wa Vancouver ulitokana na wahariri wa majarida ya tiba waliokutana katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Siku hizi Zotero, programu ya bure, hubadili orodha nzima kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine kwa muda mfupi. Lakini programu hupanga ulichoiwekea. Ukiiwekea jina lililogeuzwa, italipanga hivyo hivyo limegeuzwa.

Na majina yetu hugeuzwa sana. Mtanzania ana jina lake, la baba, na la babu au la ukoo. Makala hii inachukua la mwisho, ile inachukua la kati, na mtafiti mmoja anakuwa watu wawili wasiojuana. Nilimsihi mpwa wangu achague namna moja ya kuandika jina lake tangu makala hii ya kwanza asiibadilishe, tena ajiandikishe ORCID apate namba yake ya tarakimu 16, itakayomtambulisha popote jina litakapoandikwa ovyo.

Tulipofika mwisho wa orodha nikamuuliza: mzee yuko wapi?

Maana sura nzima ya mswada wake, ile nzuri kuliko zote, inaeleza ngitili inafungwa lini, miti ipi haiguswi, na dagashida, yaani baraza la kimila, linamtoza nini mtu aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Hayo hakuyakuta maktaba. Alifundishwa na mzee mmoja wa hapo hapo Ipililo, akizunguka naye mpakani mwa ngitili siku baada ya siku. Katika mswada mzee huyo alikuwa "mtoa taarifa namba 7".

Kijana alijitetea kwamba ndivyo kanuni zinavyotaka. Ni kweli. Katika mtindo wa APA, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata huitwa mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya maandishi, lakini kwenye orodha hayaingii. Naijua pia sababu ya kuficha majina, na naiheshimu. Mtu aliyekueleza ugonjwa wake au ugomvi wa nyumbani kwake lazima alindwe. Mwalimu je? Aliyekufundisha fani kwa hiari yake unamlinda dhidi ya nini?

Namkumbuka Erasto Mpemba. Akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, na mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akakubali kulipima jambo lile. Makala ilipotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba ndilo lililotangulia. Wanafizikia wanabishana hadi leo juu ya tokeo lenyewe, na wanapobishana wanalitaja kwa jina lake. Osborne angeweza kuandika "mwanafunzi mmoja".

Kule Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod alichapisha mwaka 2021 vielelezo vya kuwarejelea wazee wa jamii za wenyeji ndani ya orodha ya marejeleo: jina la mzee, watu wake, anakoishi, alichofundisha, na tarehe. Vyuo kadhaa vinavitumia. Majarida yetu ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma yana kila sababu ya kuandika kanuni kama hiyo kwenye maelekezo yao kwa waandishi, pamoja na sharti kwamba mzee aulizwe kwanza na akubali. Nawaomba wahariri walifanye hili mwaka huu. Wazee hawatungoji.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa mzee. Mpwa wangu alipiga goti, akaamkia, akaeleza makala ni nini na itasomwa na nani, kisha akauliza kama angependa jina lake liandikwe, na liandikwe vipi. Mzee alinyamaza kidogo, akayataja majina yake matatu polepole, kijana akiandika. Kisha akamzuia mkono. Akataka liandikwe pia jina la mama yake mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemwonyesha miti.

Mpwa wangu akaanza mstari mwingine.