Tuyatoe Maji Njiani

Atakaye kujua njia ya mlima inavyokufa na ashuke Kilimanjaro kwa njia ya Mweka mvua ikiwa imenyesha. Msituni ataona udongo umechimbika hadi mizizi ya miti imebaki wazi. Kando pana kijia kipya, na kando ya hicho, kingine.

Wengi huilaumu miguu ya watalii. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Miguu hushindilia udongo. Udongo ulioshindiliwa haunywi maji. Maji hufuata mkondo, na mkondo ulio tayari ni njia yenyewe. Hushuka kwa kasi yakizoa udongo. Anayefuata hukwepa tope, hukanyaga majani ya pembeni, na mkondo wa pili umeanza.

Kwa hiyo kumwaga kifusi shimoni ni kutupa fedha. Masika moja tu hukiondoa. Kwanza maji yatolewe njiani. Magogo au mawe yalazwe mshazari, karibu karibu penye mteremko mkali, na kila moja lifunguke kwenye mfereji wa kuyapeleka maji msituni. Ngazi zije baadaye. Vijia vya mkato vizibwe kwa matawi mpaka mimea irudi. Juu ya kambi ya Mweka, kwenye mita 3,100 hivi, msitu unapoisha, tusitazamie irudi upesi, maana baridi huidumaza.

Je, tuite mtaalamu wa mbali? Wachaga wameyaongoza maji ya mlima huu kwa mifongo, mifereji yao ya jadi, tangu kabla ya ukoloni. Wanajua mteremko wa kuyafanya maji yatembee bila kukata udongo. Mfongo ulisafishwa na wote walioutumia, na asiyefika alitozwa faini. Tangu mlima uwe hifadhi ya taifa mwaka 1973, tumezoea kudhani njia ni kazi ya mwenye sare peke yake. Hifadhi na iwaajiri watu hawa, kwa ujira hasa, si kwa shukrani. Ada za wageni zipo.

Mpagazi mwenye kilo 20 mgongoni simlaumu akikwepa tope. Mgeni mwenye buti nzuri na fimbo mbili apite katikati, na kiongozi wake asione haya kumwambia. Mifereji ya njia nayo ifukuliwe Januari na Februari, kabla masika hayajaingia.