Karatasi za Kilosa Zirejee Kilosa

Katika zama za Mwingereza kila boma lilikuwa na Kitabu cha Wilaya, ambamo mabwana shauri, watu ambao aghalabu hawakusomea elimu ya mambo ya kale wala ya masimulizi, waliandika waliyoyasikia kwa wazee walipozuru vijiji: asili ya makabila, sheria na desturi, nasaba za watawala. Kilosa nayo ilikuwa na chake. Vitabu hivyo vilikuja kupigwa picha katika filamu, na nakala zake zikafika maktaba za Uingereza, hata ikawa mwanachuoni wa London yu karibu zaidi na habari hizo kuliko mwalimu wa kata ya Masanze huku kwetu Kilosa, ambaye hana budi kufunga safari mpaka Dar es Salaam ili asome yaliyosemwa na babu zake.

Hayo hayanipendezi, wala si kwa ajili ya fahari tu. Karatasi hizo zina ila, na ila zake haziwezi kutengenezwa ila na watu wa mahali zilipotoka. Ilipopitishwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron, serikali ilitaka kujua ni nani mwenye haki ya kutawala wapi. Basi mzee wa Kisagara au wa Kividunda aliyeulizwa ni ukoo upi uliotangulia kufika bondeni, naye ni mtu wa kabila linalofuata nasaba ya mama, alifahamu fika kwamba jibu lake laweza kumpatia mpwawe kiti na mshahara. Alichonena kikaandikwa kuwa ndiyo historia. Koo zilizoshindwa katika daawa hiyo zina masimulizi yao, ambayo bwana shauri pengine hakuyasikia, au aliyasikia asiyatie wino.

Pamoja na hayo sikubaliani na wale wanaosema kwamba maandishi ya watu wasio mabingwa hayafai kitu. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lilijazwa na maofisa, wamisionari na wahandisi walioandika kwa mapenzi yao, na humo humo, baada ya jina lake kugeuzwa kuwa la Tanzania, Mmarekani T. O. Beidelman, ambaye yeye alikuwa bingwa khasa, alitoa makala yake juu ya Wavidunda. Na kwa jirani zetu Wagogo, mshairi Mathias Mnyampala alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi zao, kwa Kiswahili, bila kungoja mgeni aje kumwandikia.

Ardhi nayo ina ushahidi wake. Huko Dakawa, kando ya mto Wami, Randi Haaland na Contard Msuya walichunguza mabaki ya wafua chuma na wafinyanzi walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakatangaza matokeo mwaka 2000 katika jarida la Azania. Mkulima wa Masanze ambaye jembe lake litaibua mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito yenye vitundu, au kipande cha kewa la mvukuto kilichoungua mdomo, atayatupa kando ya shamba ikiwa hakuna aliyempa habari hiyo kwa lugha yake.

Kwa hiyo naiomba Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pamoja na Halmashauri ya Kilosa, itoe nakala za Kitabu cha Wilaya na za makala hizo, ziwekwe katika shule za sekondari za kata. Zisomwe mbele ya wazee kwa Kiswahili, na kila pingamizi liandikwe katika ukurasa wa kuelekea, pamoja na jina la msemaji na la ukoo wake. Kadhalika yapokewe madaftari ya walimu wastaafu, ambayo sasa yamo masandukuni yakiliwa na mchwa. Na mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 yalituonyesha jinsi sanduku la nyumbani lisivyo amana ya kutegemewa. Waliokuwa vijana wa miaka ishirini uchifu ulipofutwa mwaka 1963 wamekwisha kupita themanini. Hao, waliohudhuria mabaraza na kuwasikia wazee wakibishana, ndio wa kuanza nao, kiangazi hiki hiki, barabara za Masanze zingali zapitika.