Ukuta wa Bukama



Juma hili naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, nilikuta ukuta wa nyuma wa darasa letu umechorwa kwa makala, pemba na udongo mwekundu. Kulikuwa na treni yenye mabehewa matano, mama mwenye beseni kichwani, kuku wawili, na kuzunguka vyote mstari wa pembe tatu nyekundu na nyeupe. Aliyechora ni msichana wa mwaka wa tano. Sikumuuliza kitu. Nilimpa ndoo ya maji na kitambaa, nikamwambia asiingie darasani mpaka ukuta uwe safi. Alisugua hadi saa sita.

Kesho yake mama yake akaja. Hakuja na kelele. Alisema tu: "Mwalimu, ule mtoto hakutukana mtu. Ile mistari ni mimi nilimfundisha. Na mimi nilifundishwa na nkambo wangu, wakati tulikuwa tunapakaa nyumba kule kijijini." Nilimjibu kwamba ukuta wa masomo si ukuta wa nyumba. Akanyamaza, akaaga, akaenda zake. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Miezi michache baadaye mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Lubumbashi na kitabu kikubwa cha picha, akaniazima kwa juma moja. Kilikuwa kitabu cha maonyesho yaliyofanyika Paris, Ufaransa, mwaka wa 2015, katika nyumba ya sanaa inayoitwa Fondation Cartier. Maonyesho hayo yaliitwa "Beauté Congo – 1926-2015 – Congo Kitoko". Kitoko ni Kilingala, maana yake uzuri. Kazi za wachoraji na wapiga picha wengi wa inchi yetu ziliwekwa pamoja chini ya paa moja: Chéri Samba na Moke wa Kinshasa, Pilipili Mulongoy wa Lubumbashi, na kijana wetu Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978.

Wengi kati yao kazi yao ilianzia barabarani. Chéri Samba alianza kwa kuandika vibao vya maduka. Alipofungua karakana yake Kinshasa mwaka wa 1975, alitundika tablo zake nje, wapita njia wasimame, wasome, wacheke, wabishane. Mwaka wa 1978 wachoraji wa namna hiyo walionyeshwa pamoja Kinshasa, katika Chuo cha Sanaa, kwenye maonyesho yaliyoitwa "Art partout", yaani sanaa kila mahali. Wale waliokuwa wakisema kwamba hawa ni waandika vibao tu, walilazimika kutazama mara ya pili. Vijana wetu wanaochora vichwa vya watu kwenye ukuta wa kinyozi, au samaki na sahani ya bukari kwenye mlango wa malewa, ni wa ukoo huo huo.

Lakini kitu kimoja kilinisumbua katika jina la maonyesho yale. Kwa nini 1926? Niliposoma jibu, niliweka kitabu chini. Jibu ni Bukama. Ndiyo, wamama, Bukama hii yetu, ambayo treni ikitoka Tenke inapita kwanza hapa Lubudi kabla ya kufika kule.

Reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka wa 1918. Miaka minane baadaye, mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Mbelgiji aliyeitwa Georges Thiry, aliona kule Bukama nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zimechorwa. Akauliza ni kazi ya nani. Akaonyeshwa Albert Lubaki, mtu aliyekuwa akichonga pembe za tembo. Thiry aliogopa kwamba mvua ingefuta zile picha, akampa Lubaki karatasi na rangi za maji ili achore vitu ambavyo vinaweza kudumu na kusafirishwa. Hivyo mchoro ukashuka kutoka ukutani, ukaingia kwenye karatasi. Mwaka wa 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka wa 1930 zilionyeshwa Geneva, Uswisi.

Kwa hiyo, mtu akiniambia leo kwamba sanaa ya ukutani ni mambo ya vijana wa New York waliopaka rangi treni katika miaka ya 1970, nitamheshimu, lakini nitamwomba apande treni yetu afike Bukama.

Sasa fungueni masikio, kwa sababu hapa ndipo neno lenyewe lilipo. Albert hakuwa peke yake. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 2015 kazi zake ziliwekwa chini ya jina lake mwenyewe. Vitabu vinasema alizaliwa karibu mwaka wa 1895. Mwaka wa kufa kwake haukuandikwa. Likiandikwa jina Lubaki peke yake, msomaji anamfikiria mume.

Nilitazama zile karatasi kwa muda mrefu. Wanyama, watu, miti, rangi chache zilizopakwa kwa mkono usiotetemeka, na pembeni mstari wa rangi kama fremu. Nikakumbuka mstari wa pembe tatu niliouamuru ufutwe kwa kitambaa. Nikaona haya.

Wamama, tuseme ukweli. Kule vijijini, nani anachota udongo, anaukanda, anapakaa ukuta kwa kiganja? Nani anatafuta pemba nyeupe, nani anasaga makala? Mara nyingi ni mwanamke, pamoja na binti zake. Kila mwaka mvua inapoacha, anaanza tena. Hakuna aliyemwita msanii, na yeye mwenyewe hakujiita hivyo. Anasema anatengeneza nyumba. Leo sisi wa Lubudi tunakaa karibu na kiwanda cha simenti, na mwenye uwezo anajenga kwa matofali ya kuchoma, anapiga simenti, anapaka rangi ya kopo. Ni vizuri, nyumba inadumu, na mimi pia nataka hivyo. Lakini pamoja na ukuta wa udongo tunaacha mkono uliojua ile mistari, na binti zetu wanaona kwamba ujuzi wa nkambo ni alama ya umaskini.

Nyumba ya sanaa inafanya mambo mawili mazuri: inalinda kazi isiharibike, na inaandika jina chini yake. Lakini ina upande mwingine. Karatasi za Bukama leo zinalindwa Ulaya, na mtoto wa Bukama au wa Lubudi akitaka kuziona, lazima azione kwa kitabu cha kuazima, kama mimi. Simlaumu aliyezilinda. Kama zingebaki ukutani, mvua ingekuwa imezimaliza zamani. Najiuliza tu kwa nini sisi wenyewe tungoje mgeni apite, aulize "Hii ni kazi ya nani?" ndipo tujue kwamba tunayo kazi. Mimi nilipita mbele ya ukuta ule ule, nami ni mwalimu mwenye diploma ya chuo cha ualimu, lakini badala ya kuuliza nilileta ndoo.

Pengine mama mmoja atasema: "Mwalimu, basi watoto wachafue kuta zote?" Hapana. Ukuta wa jirani ni wa jirani, na anayechora bila ruhusa au kwa matusi atafuta, hilo halikubadilika. Lakini kuna tofauti kati ya mtoto anayeharibu na mtoto anayeonyesha alichofundishwa nyumbani. Mzazi na mwalimu wanaweza kuijua tofauti hiyo kwa swali moja tu, kabla ya adhabu: "Umejifunza wapi?"

Nilimwita yule msichana mbele ya wenzake, nikamwomba msamaha. Alitazama chini, kisha akaniuliza kama anaweza kuchora treni tena, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa na makanika ndani yake. Nilikwenda pia kwa mama yake jioni. Tulikaa nje, akanipa kiti, akanionyesha kwa kidole kwenye mchanga mistari sita ambayo nkambo wake alikuwa akichora, na kila mmoja una jina lake. Mwalimu mimi nilikuwa sijui hata moja.

Direkta wetu amekubali: ukuta wa nyuma wa darasa utakuwa wa watoto. Tutaanza mvua zikiacha, mwezi wa tano. Mama yule atakuja kuwaongoza. Kwa wengine wenu, ninaomba vitu vitatu.

Kwanza, kama nkambo, mama mkwe au shangazi yako bado anajua kupakaa na kuchora nyumba, mkalishe siku moja na watoto, afundishe angalau mstari mmoja. Pili, mwenye simu inayopiga picha apige ukuta huo kabla ya mvua, si baada yake. Tatu, chini ya picha andikeni jina kamili la mama aliyechora, kijiji chake na mwaka. Msiandike "mke wa fulani". Kaye ya kurasa mia moja inatosha kwa kazi hii, na nitaiweka pamoja na vitabu vya shirika letu ili kila mama aweze kuja kuitazama.

Jina la kwanza limekwisha kuandikwa humo, ni la nkambo wa yule mama. Hakusoma, na alifariki kabla ya mtukuu wake kuzaliwa. Aliyeliandika ni mtukuu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko ule ninaouona katika kazi zake za hesabu.

Atakayekuja siku ya ukuta alete pemba, makala au kopo tupu la kuchanganyia rangi. Maji tutachota pale pale, na ndoo ninayo.